Hema limelowa ndani, tumekesha kwa baridi: je, tununue jingine?

*"Habari. Mwezi uliopita mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 6 tulikwenda kupiga kambi siku 3 bondeni, kando kabisa ya ziwa, mahali pazuri mno. Lengo lilikuwa kupumzika. Mchana hali ya hewa ilikuwa ya kupendeza, lakini usiku tuliganda. Tulifunga zipu zote za hema, tukavaa karibu kila nguo tuliyobeba, tukanywa mvinyo kidogo ili kupata joto, na bado kuanzia saa tisa usiku sikupata usingizi. Asubuhi hema lilikuwa limelowa ndani kana kwamba limenyeshewa, na mvua haikudondoka hata tone. Tulilalia godoro nene la kujaza hewa, kwa hiyo sina shaka na chini. Mume wangu anasema hema ni bovu, tununue lenye kitambaa kizito, na safari ijayo tuingize jiko la mkaa ndani nusu saa kabla ya kulala, tukiacha zipu wazi kidogo. Nilirudi nimechoka kuliko nilivyoondoka. Je, tatizo ni hema, au sisi si watu wa kambi?"*

Dada yangu, poleni kwa usiku huo. Swali la hema nitalijibu, ila niruhusu nianze na jiko, kwa sababu jambo hilo halisubiri.

Msiingize jiko la mkaa ndani ya hema. Iwe nusu saa au dakika kumi, zipu ziwe wazi kidogo au wazi zote, jibu ni hilo hilo. Mkaa unaowaka, hata ule unaoelekea kuzimika na kubaki mwekundu chini ya majivu, hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, wala haikoholeshi. Ikiingia mapafuni hupita kwenye damu na kung'ang'ania himoglobini, ile sehemu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Ndiyo maana kiasi kidogo tu hewani kinatosha kuua, na ndiyo maana kutoka nje mara moja kupunga hewa hakuisafishi damu; gesi hiyo huchukua saa kadhaa kuondoka mwilini. Uwazi mdogo wa zipu hauwi bomba la moshi. Na aliyekwisha kulala hana wa kumwamsha. Jiko lililopikia nje na kuonekana limezima nalo lisiingizwe, na jiko la gesi au taa ya mafuta ni vivyo hivyo. Ikitokea siku yoyote kwamba watu wa hema moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, wanapata kizunguzungu na kichefuchefu, tokeni nje wote, ombeni msaada wa dharura na mwende hospitali hata kama mnajisikia nafuu.

Sasa hema. Nikikusoma vizuri, hofu yako ni kwamba mmenunua kitu kibovu, au pengine ninyi wenyewe hamkuumbwa kwa maisha ya nje. Kwa maelezo uliyoyatoa, sioni ubovu kwenye hema wala kwenu. Naona mambo matatu yaliyokutana usiku mmoja, yote yanarekebishika, na hakuna hata moja ambalo kitambaa kizito kingelitibu.

Hema si blanketi. Kazi yake ni kuzuia upepo, mvua, umande na wadudu. Kitambaa chake ni chembamba kuliko shati, na hata ukikifanya kizito mara tatu utaongeza joto kidogo sana, huku ukiongeza mzigo mwingi. Ndani ya hema hakuna kinachozalisha joto isipokuwa ninyi watatu. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la takriban wati 70, kama balbu moja ya zamani. Joto lote la usiku ni hilo, na swali la maana ni linatorokea wapi.

Linatorokea chini kwanza, na hapo ndipo ulipoandika kwamba huna shaka napo. Nakuelewa, kwa sababu godoro nene linaonekana kama ulinzi. Lakini kinachokinga baridi ni utulivu wa hewa, si wingi wake. Hewa iliyonaswa kwenye vitundu vya sponji au katikati ya manyoya haina pa kwenda, kwa hiyo haibebi joto. Godoro la kujaza hewa lisilo na kitu ndani ni chumba kitupu. Hewa iliyo karibu na mgongo wako inapata joto, iliyo karibu na ardhi inapoa, na kila unapojigeuza unaisukuma huku na huku na kuichanganya. Ardhi nayo haishibi. Itakunywa joto mpaka alfajiri na haitapata joto la kukurudishia.

Tena, huwezi kuufidia upungufu huo kwa kuongeza vitu vya kujifunika. Mfuko wa kulalia unakufaa pale tu ulipovimba. Upande unaoulalia umebanwa na uzito wako, hewa imetoka, na kilichobaki chini yako ni vitambaa viwili vilivyogusana. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kulala ndani ya mfuko mzuri kabisa, akawa na joto kifuani na barafu kiunoni, halafu akalaumu mfuko.

Magodoro ya kambini yaliyopimwa huandikwa thamani ya R. Namba ikiwa kubwa, joto linapita kwa shida zaidi. Godoro tupu la hewa kwa kawaida huwa karibu na 1 au chini yake. Kwa usiku unaoshuka kuelekea nyuzi 5 za Selsiasi, mimi hutafuta 3 au 4. Kwenye ardhi iliyoganda, 5 na kuendelea. Habari njema ni kwamba namba hizi hujumlishwa. Mkeka wa sponji wenye R 2 ukitandikwa juu ya godoro lenye R 1 unakupa 3, na mkeka huo ni mwepesi, hautoboki, na ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa katika kazi hii. Kama ungeniuliza kitu kimoja tu cha kununua, ningesema huo, kwa watu watatu. Kama huwezi kununua chochote, chukua blanketi la sufu, likunje mara mbili, ulitandike chini ya miili yenu badala ya kujifunika. Wengi hushangaa wakijaribu.

Jambo la pili ni maji yaliyokutwa ukutani asubuhi. Hayo hayakutoka nje, yalitoka kwenu. Mtu mzima hupoteza karibu robo lita ya maji usiku mmoja kwa pumzi na ngozi, bila jasho la kuonekana. Ninyi watatu, pamoja na huyo mdogo, mlitoa mvuke wa nusu lita na zaidi ndani ya chumba mlichokifunga kila tundu. Mvuke huo ulipogusa kitambaa kilichopoa ukageuka maji, kama bilauri ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Usiku wa anga safi kitambaa cha juu hupoa hata kuliko hewa inayokizunguka, kwa sababu kinatupa joto lake moja kwa moja angani. Kwa hiyo kufunga zipu zote, jambo linaloonekana la busara kabisa, ndiko kulikowalowesha. Hema jipya zito lingelowa vilevile.

Unyevu huo haukuishia ukutani. Uliingia kwenye mifuko ya kulalia na nguo, na maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa. Ukitaka kulala na joto, acha hewa ipite: fungua matundu ya juu, acha nafasi chini ya kifuniko cha nje, vuta kamba zake vizuri ili kisigusane na hema la ndani. Nguo zilizolowa na mataulo ya kuogelea yabaki nje, chini ya kifuniko. Wala usizamishe uso ndani ya mfuko ukipumulia humo. Vaa kofia, funga shingo, pua na mdomo viwe nje. Ndiyo, hewa ya ndani itakuwa na ubaridi wa nyuzi chache zaidi. Nakuhakikishia utalala vizuri kuliko ulivyolala kwenye hema lililofungwa na kulowa.

La tatu ni mahali, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudanganywa na uzuri wa mandhari.

Jua likizama, ardhi huanza kutupa joto lake angani na kuipoza hewa inayoigusa. Hewa iliyopoa ni nzito, kwa hiyo huteremka polepole kufuata mteremko kama maji, na kujikusanya mahali pa chini kabisa. Ukungu wa asubuhi unaolala bondeni huku vilima vikiwa wazi ni hewa hiyohiyo, ila sasa unaiona kwa macho. Safari ijayo jaribu hivi: magharibi, baada ya giza kuanza, vaa kaptula uteremke taratibu kutoka mteremkoni hadi ukingo wa maji. Kuna mahali utahisi miguu imeingia kwenye baridi kabla ya uso. Hapo ndipo dimbwi la hewa baridi linapoanzia, na ninyi mlilala chini yake.

Utauliza: si kweli kwamba ukipanda juu baridi inaongezeka? Ni kweli, kwa wastani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Lakini piga hesabu. Kupanda mita 30 kutoka ziwani kunakugharimu sehemu ya tano ya nyuzi moja, ilhali kukaa kwenye dimbwi la bondeni usiku mtulivu wa anga safi kunaweza kukugharimu nyuzi kadhaa. Tafuta sehemu tambarare juu kidogo ya bonde, yenye miti upande mmoja, kwa kuwa majani hukinga kiasi cha joto linalotorokea angani. Kwanza inua macho uhakikishe hakuna tawi kavu juu ya hema. Acha angalau mita 60 kati yenu na maji; wapiga kambi wengi hufuata umbali huo ili kulinda ukingo na wanyama wanaokuja kunywa, na kwenu utapunguza umande na mbu pia. Mkondo wa mto uliokauka usiuguse hata ukiwa na mchanga laini kama godoro, maana mvua inayonyesha mbali inaweza kuufikia bila wingu lolote juu yenu. Ziwa mtaliona asubuhi kwa kutembea hatua chache.

Yaliyobaki niyapitie haraka. Mvinyo: pombe hupanua mishipa ya ngozi, damu ya moto ikaja juu, ukajisikia umepata joto wakati ndipo unapolipoteza. Pia huukatakata usingizi katika nusu ya pili ya usiku. Badala yake kuleni chakula cha kushiba kabla ya kulala, mnywe kitu cha moto, na mjaze maji ya moto kwenye chupa isiyovuja, muitie kwenye soksi na kuiweka katikati ya mapaja. Ya mtoto isiwe ya moto sana. Nguo: anayekuambia ulale uchi ndani ya mfuko ili upate joto anakosea, lakini kuvaa kila kitu nako kuna mipaka, kwa sababu nguo zinazobana huuzuia mfuko kuvimba na hupunguza damu kufika vidoleni. Jozi moja kavu ya kulalia ambayo haikuvaliwa mchana, soksi zilizolegea na kofia vinatosha. Kofia ni muhimu kwa kuwa kichwa ndicho pekee kilichobaki nje, si kwa sababu ya ile hadithi kwamba nusu ya joto hutokea kichwani. Na ukibanwa na haja ndogo usiku, nenda. Mkojo hauli joto lako, ila utakunyima usingizi. Baridi yenyewe huzidisha mkojo kwa kubana mishipa ya ngozi.

Hukuniambia mlijifunika nini. Kama ni mifuko ya kulalia, tazama lebo. Iliyopimwa kwa kiwango cha ISO 23537 huonyesha nyuzi za kulala kwa raha, nyuzi za mpaka, na nyuzi za hatari. Watu hununua kwa kuangalia namba ya mwisho kwa sababu inavutia. Hiyo ni namba ya kunusurika, haina habari na usingizi. Chagua kwa namba ya raha, hasa wewe, kwa sababu namba ya mpaka hupimwa kwa mwili wa mwanamume.

Kuhusu saa tisa usiku: haikuwa bahati mbaya. Joto la ndani ya mwili hushuka usiku na kufika chini kabisa saa mbili hivi kabla ya muda wako wa kawaida wa kuamka. Hewa ya nje nayo huendelea kupoa hadi jua lichomoze. Mistari hiyo miwili huteremka pamoja, na anayekinga baridi kwa shida saa nne usiku huishiwa kinga saa tisa. Ongeza kwamba usiku wa kwanza mahali pageni ni mbovu kwa karibu kila mtu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha mwaka 2016 kwamba usiku huo upande mmoja wa ubongo hulala kijuujuu kuliko mwingine, kana kwamba unalinda zamu. Siku 3 ni usiku 2, na mmoja kati ya hizo mbili huwa umeshapotea kabla hujafika. Ndiyo maana huwashauri wanaotafuta mapumziko wakae usiku 3 au 4 mahali pamoja, bila kuhamisha hema na bila ratiba ya kila saa.

Mkivuka hapo, faida ipo na ni ya kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado waliwapeleka watu 8 milimani kwa wiki moja bila taa ya umeme wala simu, na saa zao za mwili zikawahi kwa muda wa karibu saa mbili, zikafuatana na machweo na macheo. Walianza kusinzia mapema bila kujilazimisha. Hilo linahitaji giza, kwa hiyo simu izimwe na tochi iwe hafifu.

Na kama mtarekebisha yote haya na bado ukagundua kwamba kulala chini hakukupi raha, hiyo si aibu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 uliwaangalia watu karibu 20,000, na waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili walikuwa na afya na furaha zaidi. Ni uhusiano tu, haithibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine, lakini hakuna aliyeulizwa kama alilala hemani. Kodini banda lenye kitanda karibu na ziwa, mshinde nje kutwa. Nimewaona watu wakijilazimisha kupenda hema kwa miaka wakati walichokipenda ni msitu.

Binti yenu nimemweka hapa karibu na mwisho ili usimsahau. Mtoto hupoteza joto haraka kuliko ninyi kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na mara nyingi hasemi. Alale katikati yenu, kwenye mfuko wa kimo chake na si wa mtu mzima, maana nafasi tupu miguuni ni hewa ambayo mwili wake mdogo lazima uipashe joto. Usiku mguse kifua au shingo ya nyuma. Mikono baridi pekee haina maana kubwa. Kutetemeka ni onyo la mapema kwa mtu yeyote. Ukiona ulimi unakuwa mzito, vidole haviwezi kuvuta zipu, mtu anajikwaa au anasinzia ovyo, mwili unapoa kupita kiasi. Kutetemeka kukikoma huku bado ni baridi, hiyo ni hatari kubwa, wala si nafuu. Mvue nguo mbichi, mkinge na ardhi, mfunike pamoja na mtu mwenye joto, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama yuko macho na anameza, msimsugue mikono na miguu, na mtafute msaada wa daktari bila kusubiri kukuche. Kama mmoja wenu ana pumu, ugonjwa wa moyo, au vidole vinavyobadilika rangi na kufa ganzi kwenye baridi, aongee na daktari wake kabla ya safari, ana kwa ana. Mimi kwa maandishi siwezi kumpima.

Hema lenu litunzeni. Likaushwe kabisa kabla ya kukunjwa, lisiote ukungu. Halafu kabla ya safari ijayo laleni usiku mmoja nyumbani, nje kama mna uwanja, au sakafuni madirisha yakiwa wazi, kwa vitu vilevile mtakavyobeba. Saa tisa ukiamka, usikimbilie kitandani. Jiulize baridi inaingilia wapi: mgongoni, miguuni au shingoni. Jibu hilo liandike, na hicho ndicho kitu cha kuongeza kwenye mzigo.